Chachu Yenye Jina la Kiswahili: Protini Moja katika Miili Mbalimbali

Wanafunzi wetu wa tafsiri hukutana mara kwa mara na neno protini, na aghalabu hulipita bila kusita, kwa kuwa wamelijua tangu shule ya msingi. Walifundishwa kwamba protini ni chakula cha kujenga mwili: samaki, maharage, mayai na maziwa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Mtafsiri akiletewa maandishi ya hospitali yasemayo kwamba dawa fulani ya saratani "huzuia protini", naye akayaacha hivyo hivyo, mgonjwa mwenye ile maana ya shuleni anaweza kudhani kwamba amekatazwa kula samaki na mayai. Mgonjwa huyo amedhoofika na anahitaji chakula. Kosa kama hilo halitaonekana katika sarufi wala tahajia, lakini litaonekana mwilini mwake.

Kwa sababu hiyo tumeona inafaa, katika toleo hili, tueleze protini ni nini na wataalamu hufanyaje ili kujua kazi yake. Mfano tutakaoutumia unawahusu watu wa Kiswahili kwa namna ya pekee, maana jina la lugha yetu limo ndani yake.

Protini ni mfanyakazi

Mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli mna protini za aina nyingi mno. Kila protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Aina za kawaida za vipande hivyo ni 20, nazo hupangwa kwa utaratibu maalumu kama herufi zinavyopangwa kufanya neno. Mnyororo ukishakamilika hujikunja ukapata umbo lake, na umbo hilo ndilo huiwezesha protini kufanya kazi yake. Himoglobini hubeba oksijeni katika damu. Vimeng'enya vya tumboni huvunja chakula. Protini nyingine hukaza misuli, na nyingine hutoa amri ndani ya seli.

Samaki tunayemla ana protini zake, ambazo zilikuwa zikifanya kazi katika mwili wake mwenyewe. Tumbo letu huzivunjavunja zikawa asidi amino, nasi tukavitumia vipande hivyo kuunda protini zetu. Kwa hiyo protini ya sahanini na protini ya ndani ya seli ni kitu cha jamii moja, ila ya kwanza tunaitazama kama malighafi na ya pili kama mfanyakazi. Dawa inayozuia protini humzuia mfanyakazi mmoja aliyetajwa kwa jina, na haihusiani na kitoweo.

Jina la pombe maabarani

Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, alieleza aina ya chachu iliyopatikana katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika ya Mashariki. Akaipa jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza limeundwa kwa Kigiriki. La pili ni Kiswahili, nalo linatamkwa hadi leo katika maabara za Ulaya, Marekani na Japani. Wasomaji wetu Waislamu, wa visiwani na kwingineko, wasitishike na jina hilo. Mbegu ya chachu hiyo inayotumika zaidi katika utafiti ilitokana na maji ya zabibu ya Ulaya, na jina tu ndilo lililobaki kuwa kumbukumbu ya kinywaji cha kwetu.

Chachu hiyo ni kiumbe cha seli moja, chenye umbo la kijiti kifupi. Hurefuka mpaka kufikia kipimo fulani, kisha hujigawa katikati kuwa seli mbili. Kwa kuwa haibadiliki sana upana, mtu akiitazama kwa hadubini anaweza kukisia imefika wapi katika safari yake ya kujigawa kwa kuangalia urefu wake tu. Sifa hiyo iliwavutia watafiti waliotaka kujua ni kitu gani huiambia seli kwamba wakati wa kujigawa umefika.

Mmoja wao ni Mwingereza Paul Nurse, aliyeanza kazi hiyo mjini Edinburgh, Uskoti, katika miaka ya 1970. Aligundua chachu zilizojigawa mapema kabla hazijafikia urefu wa kawaida, zikabaki fupi. Aliziita "wee", neno ambalo kwa Waskoti maana yake ni "-dogo", ingawa kwa sikio la Mswahili lasikika kama mtu anayemwita mwenzake. Kwa kuzichunguza chachu hizo na nyingine zilizoshindwa kabisa kujigawa, ilidhihirika kwamba jeni moja iitwayo cdc2 ina nafasi ya pekee. Jeni hiyo ni maagizo ya kuunda protini moja, na protini hiyo ndiyo hutoa amri ya kujigawa.

Kumbadilisha mfanyakazi

Je, binadamu naye anayo protini hiyo? Swali hilo lilijibiwa London mwaka 1987 na Melanie Lee pamoja na Nurse, kwa jaribio ambalo wazo lake ni jepesi kueleza. Walichukua chachu ambayo cdc2 yake ni mbovu kiasi kwamba, ikitiwa katika joto, haiwezi tena kujigawa: hurefuka tu mpaka ikafa. Wakazitia chachu hizo vipande vingi vya jeni za binadamu, kila seli ikipata kipande chake kwa bahati. Kisha wakaziweka katika joto na kusubiri. Karibu zote zilikufa. Chache zilijigawa, zikazaana na kufanya vidoa vinavyoonekana kwa macho.

Watafiti walipotazama ni kipande gani kilichoziokoa, walikuta jeni ya binadamu inayofanana na cdc2. Protini ya chachu ina asidi amino 297, na ya binadamu vilevile 297. Ukizipanga sambamba, takribani asilimia 63 ya vipande ni vile vile. Binadamu na chachu wametengana katika nasaba kwa muda unaokadiriwa kuwa miaka bilioni moja au zaidi, na bado mfanyakazi wa mmoja aliweza kuingia katika nyumba ya mwingine akaikuta kazi anayoijua.

Hii ni mojawapo ya njia za kujua kazi ya protini katika viumbe mbalimbali. Kufanana kwa umbo hutupa dhana tu. Kubadilishana nafasi hutupa ushahidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walilijaribu jambo hilo kwa jeni 414 za hamira, ile chachu ya mikate, wakizibadilisha moja baada ya moja kwa jeni za binadamu zinazofanana nazo. Karibu nusu zilifanya kazi.

Msaidizi kutoka baharini

Habari haikuishia hapo, maana protini ya cdc2 haifanyi kazi peke yake. Mwenzake alikuwa amekwisha onekana kwa kiumbe mwingine kabisa. Watu wa Chula, Koyama, Chovai na Ngumi, na wavuvi wote wa pwani ya Kismayo, wanamjua yule mnyama wa miambani mwenye mwili wa mviringo uliojaa miiba, ambaye humchoma anayetembea maji yakiwa kupwa. Jamii yake mmoja wa pwani ya Marekani alitumiwa na Tim Hunt, Mwingereza mwingine, huko Woods Hole mwaka 1982. Mayai ya mnyama huyo hupatikana kwa wingi, na yakirutubishwa pamoja hujigawa pamoja, kana kwamba yanafuata ngoma moja.

Hunt aliona kwamba protini nyingi katika mayai hayo ziliendelea kuongezeka, lakini moja ilikuwa ikiongezeka kisha kutoweka kila seli zilipojigawa, halafu ikaanza kuongezeka tena. Aliipa jina saiklini, kutokana na neno la mzunguko. Baadaye utafiti wa mayai ya chura wa kusini mwa Afrika uliwasaidia wataalamu kuunganisha habari hizi: saiklini hushikamana na ile protini ya cdc2 na kuiamsha, na inapovunjwa, amri husita. Mwaka 2001 Nurse, Hunt na Mmarekani Leland Hartwell, aliyechunguza hamira, walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba. Vipande vya fumbo moja vilikuwa vimetawanyika katika pombe, mkate na mwamba wa bahari.

Mchu, mtu na chachu

Sisi walimu wa lugha tunao mfano wetu wa kulieleza jambo hili darasani. Kibajuni, au Kitikuu, husemwa tangu visiwa vya kusini mwa Kismayo hadi pwani ya kaskazini ya Kenya. Mahali ambapo Kiswahili sanifu kina "mtu", Mbajuni husema "mchu". "Watu" ni "wachu". Kwa upande mwingine, "macho" kwake ni "mato". Sauti zimebadilika, lakini neno linafanya kazi ile ile katika sentensi, na msikilizaji wa Lamu au Mombasa hukisia maana kwa haraka. Ndivyo zilivyo zile asilimia 37 za asidi amino zinazotofautiana kati ya chachu na binadamu: zimebadilika mahali ambapo umbo na kazi havikuharibika.

Lakini tuangalie neno "tatu", ambalo kwa Kibajuni ni "chachu". Visiwani hiyo ni hesabu, na katika Kiswahili sanifu ni kitu cha kuumulia unga. Umbo la neno halitoshi kutupa maana. Lazima tujue limeketi na nani. Vivyo hivyo protini ya jamii ya cdc2 hufanya kazi tofauti kulingana na saiklini iliyoshikamana nayo.

Tena kuna mabadiliko ya sauti moja tu yanayogeuza kila kitu, kama "bata" asivyokuwa "baba". Mfano wake katika protini unajulikana sana katika pwani yetu. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba ugonjwa wa seli mundu hutokana na badiliko la asidi amino moja, ya sita, katika mnyororo wa himoglobini wenye asidi amino 146. Kwa sababu ya herufi hiyo moja, chembe za damu za aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili hujipinda kama mundu, na mgonjwa hupata maumivu makali na upungufu wa damu. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Jambo hilo la kinga lilielezwa na Anthony Allison mwaka 1954, baada ya uchunguzi alioufanya Afrika ya Mashariki. Mzazi akielezwa vizuri habari hii, huacha kumlaumu mwenzake au kutafuta mchawi, kwa kuwa anajua kwamba badiliko hilo limerithiwa kwa wazazi wote wawili bila kosa la yeyote.

Faida kwa mgonjwa, wajibu kwa mtafsiri

Saratani ni ugonjwa wa seli zinazojigawa bila kufuata amri. Kwa hiyo kujua ni protini zipi hutoa amri kulifungua njia ya dawa. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo palbociclib kwa baadhi ya saratani za matiti. Dawa hiyo huzuia protini mbili ambazo ni ndugu wa ile ya cdc2, ili seli za saratani zisiendelee kujigawa. Mama anayepewa dawa ya aina hiyo Mombasa, Muscat au London ana haki ya kuelezwa kwa lugha yake ni nini kinachozuiwa.

Tunapendekeza basi kwamba mtafsiri asiliache neno protini peke yake panapohusika dawa. Aseme "protini inayoiamrisha seli kujigawa", au "protini inayobeba oksijeni katika damu", yaani aitaje kazi kabla ya jina. Panapohusika chakula, aseme "chakula chenye protini". Na pale ambapo dawa inazuia protini, aongeze sentensi moja fupi: "Hii haina maana kwamba usile vyakula vyenye protini, kuhusu chakula fuata ushauri wa daktari wako." Sentensi hiyo huenda haimo katika maandishi ya asili. Mtafsiri amwombe mwenye maandishi ruhusa ya kuiweka, amweleze kwa nini, na akikubaliwa aiweke mahali ambapo mgonjwa ataiona kwanza.

Kwa wasomaji wetu wanaosema Kibajuni, Chimini, Kiamu na lahaja nyingine za kaskazini, tunawaomba wajaribu kuieleza habari hii nyumbani kwa lahaja zao, kisha watuandikie ni maneno gani yaliyoeleweka mara moja na yapi yaliyohitaji kurudiwa.