Karatasi ya kikaangio cha hewa haiondoi kazi ya kuosha

KAMPUNI ya Philips ilipozindua kikaangio chake cha hewa jijini Berlin, Ujerumani, mwaka wa 2010, sifa yake kuu ilikuwa kupika viazi kwa mafuta machache mno. Leo kifaa cha aina hiyo kimeingia katika nyumba nyingi za mijini humu nchini, na pamoja nacho kumezuka biashara ya karatasi na vibakuli vya silikoni vya kutandika ndani ya kikapu chake. Wauzaji hudai kuwa matandiko hayo humwondolea mpishi kero ya kuosha.

Dai hilo ni nusu ya ukweli. Tandiko huzuia mafuta yanayochuruzika chini, ilhali uchafu ulio hatari zaidi huruka juu.

Licha ya jina lake, kikaangio hiki hakikaangi. Ni joko dogo. Juu ya kikapu kuna koili inayopashwa moto kwa umeme, na juu ya koili kuna feni inayoisukuma hewa moto kwa kasi. Hewa hiyo hukizunguka chakula, hupenya katika matundu ya kikapu, kisha hurudi juu. Mzunguko huo ndio unaoikausha ngozi ya kuku hadi ukaisikia ikivunjika mdomoni.

Anayetandaza karatasi isiyo na matundu kikapu kizima, basi, huiziba njia hiyo. Chakula hukauka juu na kusalia tepetepe chini, naye mpishi hulazimika kuongeza dakika huku tokeni za stima zikiliwa bure.

Karatasi ifaayo ni ile ya kuokea, iliyotobolewa, na isiyozidi upana wa sakafu ya kikapu. Vikaangio vingi hufikia nyuzijoto 200, hivyo ni muhimu kusoma kwenye pakiti iwapo karatasi inahimili kiwango hicho. Karatasi iliyopakwa nta, ambayo kwa macho hufanana nayo, haifai kabisa kwa kuwa nta huyeyuka na kutoa moshi. Asiyetaka kununua zilizokatwa tayari anaweza kujikatia na kutoboa mwenyewe.

Lipo kosa moja lisilo na mzaha. Kwa mazoea ya kuoka keki, baadhi ya wapishi huwasha kifaa kwanza ili kipate joto, karatasi ikiwa ndani peke yake. Karatasi haina uzito. Feni huinyanyua, ikaigusa koili na kushika moto. Yafaa iwekwe pamoja na chakula, na chakula chenyewe kiilalie hadi pembeni. Kipande kimoja cha samaki juu ya karatasi kubwa hakitoshi kuizuia kupeperuka.

Wapo wanaopendelea karatasi ya alumini kwa kuwa haiungui. Baadhi ya watengenezaji huikataza, kwa hivyo kijitabu cha maelezo ndicho mwamuzi. Hata inaporuhusiwa, haifai kwa samaki aliyekamuliwa ndimu wala nyama iliyolowekwa kwa siki au nyanya, kwani asidi huila alumini na kuichanganya na chakula. Nacho kibakuli cha silikoni hudumu, ila hushika mafuta yote ndani yake. Aliyekinunua ili asioshe kikapu hujikuta akiosha silikoni.

Tandiko lina faida pale chakula kinaponata: mabawa ya kuku yaliyopakwa asali, au samaki ambaye ngozi yake hung'ang'ania kikapu. Viazi karai pia huleta taabu, maana rojo la unga hudondoka kabla ya kushikamana. Karatasi itapunguza uchafu huo, ingawa mlaji asitarajie viazi kama vile vya mafuta tele. Kwa chipsi na viazi vikavu, haihitajiki.

Ama kuhusu kuosha, kikapu na droo yake vioshwe kila baada ya kupika, vikiisha kupoa, kwa maji ya vuguvugu, sabuni na sponji laini. Hapa mazoea ya jikoni huleta hasara. Sufuria ya alumini husuguliwa kwa nyuzi za chuma au jivu hadi ing'ae, na mwenyewe akasifiwa. Kikapu cha kikaangio kina utando mwembamba unaozuia chakula kunata, na msuguo wa namna hiyo huubandua. Masalio yaliyoganda yalowekwe, au yapakwe bikaboneti ya soda iliyokorogwa kwa maji kidogo, yaachwe dakika 20 hivi, kisha yapanguswe.

Sehemu inayosahaulika ni koili. Mafuta ya kuku na nyama hurushwa na hewa yakaigandia, na kila kifaa kinapowashwa huungua upya. Dalili yake ni moshi au harufu kali hata pale kinachopikwa ni mkate mkavu. Mafuta hayo yakirundikana, yanaweza kuwaka.

Kuisafisha si kazi ngumu. Plagi ichomolewe, kifaa kipoe kabisa, droo itolewe, kisha kipinduliwe taratibu juu ya taulo. Koili ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu au brashi laini, na kifaa kisirudishwe kwenye umeme kabla ya kukauka. Kamwe kisitumbukizwe majini, wala kisipulizwe dawa kali za kusafishia joko. Anayepika nyama zenye mafuta mara kwa mara anafaa kuichungulia koili kila wiki. Tochi ya simu inatosha.

Iwapo moto utazuka ndani, umeme uzimwe ukutani na droo iachwe imefungwa ili moto ukose hewa. Maji yasimwagwe, kwa kuwa ndani mna umeme na mafuta. Ukiendelea kuwaka, watu watoke na kuita wazima-moto.

Na utando wa kikapu ukianza kubanduka vipande, karatasi isitumiwe kuuficha. Nambari ya modeli huwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya kifaa, na kwa nambari hiyo mwenye kifaa anaweza kuulizia kikapu kipya badala ya kununua kikaangio kingine.