Simu Zikizimwa Vitani, Raia Wameshambuliwa?

Tarehe 12 Desemba 2023, wateja wapatao milioni 24 wa Kyivstar, kampuni kubwa ya simu nchini Ukraine, walijikuta hawana mawasiliano. Wadukuzi walikuwa wamefuta maelfu ya seva na kompyuta za kampuni hiyo. Mjini Lviv ikabidi mafundi wapite wakizima taa za barabarani kwa mkono, maana zilikuwa zikiendeshwa kupitia mtandao huo. Mkoani Sumy, mpakani na Urusi, mfumo wa kuwatahadharisha watu ndege na makombora yanapokuja ulivurugika. Hakuna ukuta uliobomoka.

Sheria za vita zinasemaje? Wapo wanaodai kwamba mtandaoni hazifiki, na hilo si kweli. Mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishasema, ilipotoa maoni kuhusu silaha za nyuklia, kwamba sheria hizo zinagusa vita vya kila namna na silaha za kila aina, hata zitakazobuniwa kesho. Umoja wa Afrika nao ulitamka mwaka 2024 kuwa zinatumika mtandaoni.

Mgogoro uko kwingine. Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya mwaka 1977 inakataza kushambulia raia na mali zao, lakini inaeleza shambulio kuwa ni kitendo cha nguvu dhidi ya adui. Israel inashikilia kwamba, ili kitendo kiitwe shambulio, lazima itarajiwe mtu kufa, kujeruhiwa, au kitu kuharibika kwa kuonekana. Ufaransa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wanasema mfumo ukishindwa kufanya kazi yake, inatosha. Mimi niko upande huu wa pili bila kusita. Mama wa Sumy aliyekosa onyo la kombora hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba mitambo haikuungua.

Kuna tatizo lingine: mtandao mmoja hutumiwa na askari na raia kwa pamoja. Tarehe 24 Februari 2022, saa moja hivi kabla ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, modemu za intaneti ya setilaiti ya KA-SAT zilivamiwa na data muhimu za kumbukumbu zake zikaharibiwa hata zisiweze kuingia mtandaoni. Jeshi la Ukraine lilikuwa likitumia huduma hiyo, kwa hiyo mtu anaweza kudai ilikuwa shabaha halali. Lakini huko Ujerumani, nchi isiyopigana, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo ilipoteza usimamizi wa mbali, na Viasat, kampuni yenye setilaiti hiyo, ililazimika kupeleka modemu karibu 30,000 za kubadilishia. Hata shabaha ikiwa halali, kamanda anatakiwa apime madhara yatakayowapata raia na achukue tahadhari kabla ya kubonyeza kitufe. Programu haribifu isiyochagua wa kumdhuru haiwezi kupita katika kipimo hicho.

Hospitali zina kinga pana zaidi: lazima ziheshimiwe na kulindwa wakati wote. Kwa hiyo kuvuruga kompyuta zake ni kosa, hata mabishano kuhusu maana ya shambulio yakiendelea.

Oktoba 2024, mkutano wa 34 wa Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, uliofanyika Geneva, ulipitisha azimio la kuwalinda raia dhidi ya madhara ya mtandaoni vitani. Azimio halina nguvu ya mkataba. Serikali zilizoliunga mkono ziandike sasa, ndani ya miongozo ya majeshi yao, kwamba kuuzima mtandao wa raia ni kuwashambulia.