Ubao wa Akili na Dadu ya Bahati

Msomaji upitaye sokoni Bungoma wakati wa jua kali, huenda umewaona watu wamekizunguka kibao kilichochorwa miraba 64, wakisukuma vifuniko vya chupa za soda. Mmoja ameviweka chali, mwenziwe kavifudikiza, kila mtu vifuniko 12. Hiyo ndiyo drafti, wala haina siri, kwani yote yaliyo ubaoni yanaonwa na wote wawili. Ukishindwa, huna wa kumlaumu.

Vivyo hivyo bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64. Ndugu zetu wa Uganda, ng'ambo ya Malaba, wana omweso wao wenye hesabu ile ile. Katika bao mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na awezapo kula sharti ale, apende asipende. Kete zikianza kutembea huzunguka na kuzunguka, hata mtazamaji husema, "Bahati hiyo!" Kumbe fundi alikwisha kuzihesabu.

Dadu ni jambo jingine kabisa. Mwaka juzi, baada ya mavuno, nilimkuta jirani yangu mmoja, mkulima, akicheza ludo kwa fedha na vijana hapa Kitale. Ili kete itoke nyumbani, sharti dadu ionyeshe sita. Walikuwa na dadu ya mti, imechongwa vizuri. Akairusha zamu nane, sita haikuja.

"Bwana karani," akaniambia, "sasa haina budi kuja." Akaongeza shilingi mia mbili.

Nilitwaa karatasi nikamwonyesha ya kwamba kukosa sita katika mirusho mitatu hutokea kwa njia 125 kati ya 216, yaani zaidi ya nusu. Tena mrusho wa tisa una nafasi moja kati ya sita, sawasawa na wa kwanza, kwa sababu kipande cha mti hakikumbuki kitu.

Akarusha. Sita ikaja! Vijana walinicheka hata nikaona haya, nami nikaenda zangu na karatasi yangu. Yeye akabaki. Kufika jioni alikuwa amepoteza bei ya magunia mawili ya mahindi, na karo ya mtoto ilikuwa humo.

Hatukuizungumza tena habari hiyo. Juma lililopita alinikuta barazani napanga vifuniko, akaketi upande wa pili bila kualikwa, akanila kete nne.