Pedali Inayokula Nota

Lori la Zambia likipita Chimala, mkoani Mbeya, dereva akiwa ameishikilia honi, aliyesimama kando ya lami husikia sauti mbili badala ya moja. Likija, honi ni nyembamba na kali. Likishapita, inashuka na kuwa nzito, ingawa dereva hajagusa kitu kingine. Mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842: kinachokujia hubana mawimbi ya sauti, kinachokukimbia huyanyoosha. Sasa fikiria jioni umeme umezidiwa, mashine za kukoboa mpunga ziko kazini, na taa ya dukani inafifia, inang'aa, inafifia tena. Taa hiyo haijasogea hata inchi moja. Imepungukiwa nguvu, kisha ikarudishiwa. Honi ile na taa hii ndizo tofauti kati ya pedali mbili za gitaa la umeme ambazo vijana wa kwaya na bendi huziuliza sana: spika ya kuzunguka na tremolo. Spika ya kuzunguka huigiza honi, sauti ikipanda na kushuka kimo huku ikija na kuondoka. Tremolo huigiza taa, sauti ikikua na kupungua tu, kimo chake kikibaki palepale.

Ni vizuri kuishika tofauti hiyo kabla ya kwenda dukani, kwa sababu majina yaliyoandikwa kwenye vifaa yalivurugika zamani. Kampuni ya Fender ya Marekani ilipotoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, ilikiita tremolo kile kijiti cha chuma ambacho ukikibonyeza nyuzi hulegea na kimo hushuka, jambo ambalo si tremolo hata kidogo. Kisha ikaandika vibrato kwenye amplifaya zake ambazo kwa kweli zilikuwa zikikuza na kupunguza sauti, yaani tremolo yenyewe. Makosa hayo mawili yameendelea kunakiliwa hadi leo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kifaa kinatetemesha sauti, muulize kinachoyumba ni ukubwa au kimo. Asipojua, piga mwenyewe usikilize.

Kwa upande wa visanduku vya gitaa, tremolo ndiyo mkongwe. Katika miaka ya 1940 kampuni ya DeArmond iliuza kisanduku chenye kichupa cha kimiminika kinachopitisha umeme, na mota ndogo ikawa inakitikisa. Kimiminika kikigusa ncha ya waya, sehemu ya sauti inapotea, kikiondoka, inarudi. Mpiga gitaa Bo Diddley alikitumia kifaa hicho, na wimbo wake wa mwaka 1955 uliobeba jina lake ulifanya dunia nzima isikie gitaa likiyumba hivyo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na saketi ndogo tu. Boss TR-2, kwa mfano, ina vitufe vitatu vya kuzungusha: kimoja cha kasi, kimoja cha kina, na kimoja cha umbo la wimbi, kama sauti ishuke taratibu au ikatike ghafla kama swichi.

Spika ya kuzunguka ina historia nzito zaidi, na uzito wenyewe ni wa kilo. Donald Leslie wa California alinunua kinanda cha Hammond miaka ya 1930, akakileta nyumbani, akaona sauti yake imepooza ikilinganishwa na vile vinanda vikubwa vya mabomba vya majumba ya sinema. Akaunda sanduku la mbao lenye spika ambazo sauti yake hutoka kupitia sehemu zinazozunguka. Hammond mwenyewe, mbunifu wa kinanda hicho, hakutaka kulisikia, na Leslie akaanza kuliuza kivyake mwaka 1941. Ndani yake sauti hugawanywa kwenye mitetemo kama 800 kwa sekunde: za juu hupelekwa kwenye tarumbeta zinazozunguka juu, za chini kwenye pipa linalozunguka chini. Tarumbeta ni mbili, lakini inayolia ni moja tu. Ya pili imewekwa ili ya kwanza isipepesuke. Kuna kasi mbili: ya taratibu, isiyofikia mzunguko mmoja kwa sekunde, na ya haraka, inayozidi mizunguko sita. Tarumbeta ni nyepesi, hivyo hushika kasi upesi, na pipa zito hujikokota nyuma yake. Mvutano huo wa sekunde chache, wakati juu kumeshakimbia na chini bado kunasita, ndio utamu ambao watu huulipia. Tatizo ni kwamba modeli ya 122 ina zaidi ya kilo 60, na hakuna kwaya itakayoipakia kwenye daladala la kwenda kwenye mkutano wa injili Uyole. Ndiyo maana pedali zikaja. Uni-Vibe ya Japani, iliyotoka mwaka 1968, ilitumia balbu ndogo inayopwita katikati ya vipokea mwanga vinne, na mpiga gitaa Jimi Hendrix akapanda nayo jukwaani Woodstock mwaka 1969. Pedali za kisasa kama Strymon Lex na Ventilator ya Neo Instruments hufanya hesabu hiyo kwa kompyuta ndogo iliyomo ndani.

Sasa mtu wa Chimala, au wa Makambako, au wa Iringa, achukue ipi? Jibu linalotolewa sana ni kwamba hilo ni suala la ladha. Mimi nasema ladha inakuja baadaye. Kwanza uangalie mkono wako wa kulia. Pedali hizi ni saa: zina mwendo wao, na zinaufuata bila kujali wewe unapiga nini. Lakini muziki wetu wa gitaa tayari una saa yake, nayo imo mkononi. Tangu bendi za dansi za Dar es Salaam na Morogoro zilipozoea kugawana kazi kati ya gitaa la solo, la rizimu na la besi, uzuri wa muziki huu umekuwa katika nota nyingi fupi zinazofumwa kama mkeka, kila mmoja akijaza mwanya alioachiwa na mwenzake. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijijengea jina kwa ufumaji huo. Nao haukuishia kwenye kumbi za pombe. Cosmas Chidumule, mmoja wa waimbaji wa bendi hiyo, alihamia kwenye injili, na leo wimbo wa kwaya ukifika mahali pa kuchezea, gitaa hupiga sebene, au chemko kama wanadansi walivyoiita, bila kuona haya.

Tupige hesabu. Sebene ya mapigo 120 kwa dakika ni mapigo mawili kwa sekunde, na mpiga solo akiweka nota nne katika kila pigo, ni nota nane kwa sekunde. Mwekee tremolo ya mawimbi matano kwa sekunde, kasi ya kawaida kabisa kwa pedali hizo. Kila wimbi lina kilele na bonde, hivyo katika sekunde hiyo kuna mabonde matano. Mabonde yakianguka vibaya, nota tatu kati ya nane huingia shimoni, na wala si zilezile katika kila pigo. Zile alizokusudia zisikike zaidi zinafifia, zile za kupitia tu zinapaa. Msikilizaji hatasema kuna tremolo. Atasema mpiga gitaa hana mkono. Rizimu ikiwekewa mambo hayo ni vibaya zaidi, kwa sababu wote wengine wanaegemea kwake.

Spika ya kuzunguka kwenye kasi ya taratibu haina ugomvi huo. Mzunguko mmoja huchukua zaidi ya sekunde moja, na ndani yake zinaenea nota kama kumi za sebene ileile. Kila nota inatoka na rangi tofauti kidogo, hii imekaribia, ile imerudi nyuma, lakini hakuna inayozikwa. Tena gitaa halihitaji mtambo wote wa Leslie. Nota nyingi za gitaa ziko chini ya ile mitetemo 800, maana yake sehemu kubwa ya kazi ni ya lile pipa. Fender walipotengeneza Vibratone yao mwaka 1967 waliiacha tarumbeta kabisa, wakaweka spika moja na pipa la kuzunguka, na bado mpiga gitaa Stevie Ray Vaughan alipata nayo sauti ya "Cold Shot" mwaka 1984. Kwa hiyo hata pedali rahisi ya fezi (phaser), inayoigiza mzunguko huo kwa saketi tu, kama MXR Phase 90, yenye kitufe kimoja tu tangu ilipotoka mwaka 1974, ikizungushwa hadi karibu na mwanzo wa kasi yake, inamfikisha mpiga solo jirani na pale anapotaka.

Hapo asije mtu akadhani tremolo ni takataka. Mahali pake ni nyimbo za polepole. Tenzi ikienda mapigo 60 kwa dakika, mpiga gitaa akapiga kodi moja (ya muziki, si ya TRA) na kuiachia mapigo manne, ni sekunde nne ambazo sauti inakufa taratibu mikononi mwake. Tremolo ya mawimbi manne kwa sekunde huitia kodi hiyo uhai mara kumi na sita kabla ya kodi nyingine. Hapo spika ya kuzunguka inaweza kuleta sauti ya kulewalewa, hasa waimbaji wakiwa bado wanatafuta kimo chao, kwa sababu yenyewe inakiyumbisha kimo. Tremolo haigusi kimo, hivyo haiwapotezi. Kwaya ambayo karibu kila wimbo wake ni wa kitabuni, yenye gitaa moja linaloshikilia kodi, inunue tremolo na iwe na amani.

Wapo watakaosema wazee hawakuwa na vikorokoro hivi. Ni kweli. Mpiga gitaa wa Kongo, Jean Bosco Mwenda, alirekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa gitaa kavu, na hadi leo wapiga gitaa wa mabara mengine hujifunza vidole vile. Lakini ushahidi huo unaniunga mkono: mkono wa namna hiyo tayari unatetemesha, na ukiuongezea kitu cha kutetemesha kwa mwendo wake wenyewe unauharibu. Wengine watasema siku hizi zipo tremolo unazozikanyaga kwa mguu kuzipa mwendo wa wimbo, zikalingana na ngoma. Zinalingana, mradi ngoma isikimbie. Kwaya iliyoanza na 112 na kumaliza na 124 kwa kupandwa na furaha itamlazimu mpiga gitaa akanyage upya kila baada ya ubeti, na miguu yake ina kazi nyingine.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa mpiga kinanda. Kinanda cha kisasa kikiwekwa kwenye sauti ya ogani, mara nyingi kinajizungushia chenyewe spika ya Leslie ya bandia. Gitaa nalo likizunguka, wimbo mzima unaogelea. Hapo sina ujanja zaidi ya kusema wapatane: ogani ikiingia, gitaa likauke. Wengine husema spika ya kuzunguka hufaa pale tu palipo na spika mbili, kulia na kushoto, ilhali makanisani kwetu kila kitu huingia mikseri na kutoka sauti moja. Wana hoja, ile hisia ya sauti kuzunguka chumba hupungua. Kuyumba kwa kimo, hata hivyo, hubaki, na ndiko kunakotenganisha nota.

Linabaki suala la umeme, na pengine ndilo litakaloamua. Tremolo ndogo kama TR-2 huenda kwa betri moja ya volti 9, hivyo umeme ukikatika katikati ya mkesha wewe unahitaji jenereta ya amplifaya tu. Pedali nyingi za spika ya kuzunguka hula zaidi: Lex inataka mamia ya miliampia, na Ventilator inataka volti 12, si 9. Adapta ya bei rahisi isiyotosha itakupa mvumo unaosikika kuliko gitaa, na iliyogeuzwa hasi na chanya inaweza kuiua pedali siku ya kwanza. Soma kilichoandikwa chini ya kisanduku, na ukiletewa kitu kutoka Marekani, hakikisha adapta yake inakubali volti 230. Asiyejua bado mkono wake uko wapi anaweza kuanza na kifaa cha efekti nyingi kama Zoom G1 Four, kinachotumia betri nne ndogo za kawaida. Ubaya wake ni kuhangaika na menyu wakati mchungaji ameshasimama.

Ukifika dukani, iwe Mbeya mjini au Kariakoo, usikubali muuzaji akujaribishie kwa kodi moja ndefu. Kwa kodi ndefu kila pedali ni tamu. Chukua gitaa mwenyewe, piga sebene ya kwaya yako kwa kasi ileile ya Jumapili, na mwombe mwenzako asimame kando azihesabu nota. Zikipungua, kirudishe kisanduku.