Kuchagua Pikipiki ya Theluji Iliyokwisha Tumika

Wasomaji wa gazeti letu wanaijua pikipiki, maana katika sehemu zetu hizi hakuna kilima ambacho boda boda haikipandi. Lakini iko pikipiki ya namna nyingine isiyokuwa na gurudumu la kukanyaga chini hata moja. Mbele ina mbao mbili za kutelezea ziitwazo skii, ambazo siku hizi hufanywa kwa plastiki ngumu. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno, uzungukao kama minyororo ya tingatinga. Injini huzungusha mkanda, mkanda husukuma theluji nyuma, na mpandaji huenda mbele ameshika usukani.

Sisi tunaoitazama theluji ya Rwenzori kwa mbali, asubuhi mawingu yanapoondoka, twaweza kudhani chombo hiki ni mchezo wa matajiri tu. Hakikuanza hivyo. Huko Valcourt katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada, alikuwako fundi aitwaye Joseph-Armand Bombardier. Mwaka 1934 alifiwa na mwanawe mdogo, kwa kuwa theluji ilikuwa imeziba njia na mtoto hakuweza kufikishwa hospitali. Fundi huyo alishughulika na vyombo vya theluji maisha yake yote, na mwaka 1959 kiwanda chake kikatoa chombo chepesi kiitwacho Ski-Doo. Kimoja katika vile vya kwanza kilikwenda kwa rafiki yake, Padre Maurice Ouimet, mmisionari kaskazini mwa Ontario.

Sasa nieleze kwa nini nimejitia katika habari hizi. Kaka yangu anafanya kazi ya mbao karibu na mji wa Revelstoke, katika jimbo la British Columbia, upande wa magharibi wa Kanada. Amekaa huko majira mawili ya baridi, amejifunza kupanda pikipiki za theluji za kukodi, na sasa ameweka akiba ya kununua yake. Mpya hawezi. Wakati wa likizo aliniletea kwa simu picha za tatu zilizokwisha tumika, akasema, “Mdogo wangu, wewe ndiwe usomaye Fizikia. Niambie ipi yenye nguvu.” Mama aliposikia alitaka kujua jambo moja tu, kama mtu huweza kufa kwa chombo hicho. Naam, huweza, na nitafika huko.

Kwanza tuulize kwa nini haizami. Pikipiki ya theluji ya mlimani ina uzito wa kilo 200 hivi kabla ya kutiwa petroli. Ongeza petroli, mzigo na mpandaji, tuseme jumla ni kilo 300. Mkanda wenye urefu wa inchi 154 kwa mzunguko wote, na upana wa inchi 15, hulaza juu ya theluji kipande cha mita moja na nusu hivi. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 5,700. Gawanya, utaona kila sentimita ya mraba inabeba gramu 53 tu. Mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa viatu viwili vyenye eneo la sentimita 400 hukandamiza kwa gramu 175, zaidi ya mara tatu. Ndiyo sababu pikipiki hupita juu, na mwenyewe akishuka huzama mpaka mapajani.

Kwa hesabu hiyo mtu atasema mkanda mrefu ni bora daima, na ndivyo kaka alivyodhani. Mikanda ya mlimani huuzwa kwa urefu mbalimbali, kama inchi 146, 154, 165, hata 175, na meno yake huwa na kimo cha inchi mbili na nusu au tatu. Mrefu huelea vizuri na kupanda mteremko mkali bila kujichimbia shimo. Lakini jaribu kugeuza ubao mrefu katika njia nyembamba ya migomba! Mkanda mrefu hupenda kwenda moja kwa moja. Mfupi hugeuka upesi na ni mwepesi kuruka, ila katika theluji nyingi na laini huchimba na kukwama, na kuchimbua kilo 200 kwa sepeto ni kazi ya kutoa jasho hata penye baridi.

Jambo la pili ni hewa. Injini hula petroli pamoja na hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 2,000 uzito wa hewa ni kama sehemu 82 tu katika 100 za ile ya pwani, kwa hiyo injini yenye nguvu za farasi 165 pwani hubakiwa na 135 hivi. Ndiyo maana watu wa milimani hupenda injini kubwa, za sentimita za ujazo 800 au 850, na wengine hutia turbo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani ya injini. Tangu karibu mwaka 2020 viwanda vyenyewe vimeanza kuuza za mipigo miwili zenye turbo. Ile ambayo mtu aliifunga mwenyewe katika banda lake ni habari nyingine.

Basi nilimrudishia kaka swali: Wewe hupanda namna gani? Wako watu ambao furaha yao ni kuelekeza uso kwenye mteremko mrefu na kupanda mpaka injini ikatae. Hao wanahitaji mkanda mrefu na nguvu nyingi. Wako wanaopenda kuruka matuta, na hao hutaka mkanda mfupi na springi imara. Tena wako wanaopita msituni polepole kati ya miti, wakiilaza pikipiki ubavu kwa kusimama juu ya mguu mmoja. Kaka alijibu bila kusita kwamba yeye ni wa msituni, maana anaifahamu miti kuliko milima.

Sasa zile tatu. Ya kwanza ilikuwa na injini ya 850, mkanda wa inchi 165, na turbo iliyofungwa na mwenyewe. Ndiyo iliyomvutia kaka, na ndiyo niliyoikataa upesi. Nguvu zinazokuja ghafula kati ya miti si msaada kwa mtu wa majira mawili, tena injini iliyoongezewa nguvu namna ile huchoka mapema. Ya tatu ilikuwa ya zamani, injini 600 na mkanda wa inchi 144. Bei yake ilikuwa ndogo na wengi huisifu injini hiyo kwa wanaojifunza, lakini theluji ya Revelstoke ni nyingi mno, na kwa hewa ya juu niliona itamtesa. Ya pili ilikuwa na injini ya 800, mkanda wa inchi 154, na meno ya inchi mbili na nusu. Haikuwa na jambo la kujivunia, nami nikampa shauri akaitazame hiyo.

Kutazama nako kuna elimu yake. Amwombe muuzaji asiiwashe kabla hajafika, kwa kuwa injini iliyokwisha pashwa moto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Aondoe plagi na kupima mbano wa kila silinda, na namba zisitofautiane sana. Aulize injini imefanya kazi saa ngapi na kama pistoni zimewahi kubadilishwa, maana injini hizi za mipigo miwili hufanya kazi kwa nguvu zote milimani. Achungulie chini, pale bati lifunikalo mkanda linapoungana na sehemu ya mbele, kama limekunjika au ribiti zimelegea. Bati likikunjika, mwili mzima umepata ajali, rangi mpya isimdanganye. Meno yaliyong'oka yahesabiwe. Halafu reli za plastiki ambazo mkanda huteleza juu yake: hizi hupozwa na theluji inayorushwa, na maji ya injini pia hupozwa hivyo hivyo, kwa hiyo pikipiki iliyokimbizwa sana juu ya barabara ngumu ya barafu huwa imeungua kotekote. Namba ya chasisi ilingane na hati. Na kama klachi ilirekebishwa kwa milima mirefu zaidi, irekebishwe tena kabla ya kupandwa chini.

Habari za majina ya viwanda sitazirefusha. Ski-Doo Summit na Polaris RMK zimejaa huko na vipuri si shida. Yamaha ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaacha kutengeneza pikipiki za theluji, basi anunuaye yao aulize kwanza habari za vipuri.

Nimefika kwenye swali la Mama. Theluji ya mlimani hulala tabaka juu ya tabaka, na tabaka likiwa dhaifu, la juu huteleza lote kwa pamoja kama udongo wa Bududa wakati wa masika. Maporomoko mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo wapanda milima waipendayo, na aghalabu anayeyaanzisha ni yule yule anayefunikwa au mwenzake. Aliyefunikwa akipitisha dakika 15 hivi, tumaini la kumpata hai hupungua sana. Hakuna gari la wagonjwa litakalofika katika muda huo, wenzake ndio hospitali yake. Kwa hiyo kila mmoja huvaa kifaa kidogo cha redio kinachotoa ishara, na hubeba sepeto na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Taarifa za hatari hutolewa na Avalanche Canada, na mafunzo yako.

Hivyo vyote vinataka fedha, nami nilimwandikia kaka kwamba bei ya ile ya kwanza ingemaliza akiba yote, asibakiwe hata na ya sepeto. Ile ya pili ingemwachia ya vifaa na ya mafunzo ya siku mbili.

Alikwenda kuiona siku ya Jumamosi. Injini ilikuwa baridi, ikawaka kwa mvuto wa tatu. Mbano wa silinda moja ulikuwa ratili 120, wa pili 117. Reli za plastiki zilikuwa zimelika mpaka karibu na chuma, naye akaomba apunguziwe bei. Muuzaji alikataa, kisha akampigia simu jioni ile ile. Kaka ameilipa. Ila ameiacha bandani, kwa kuwa mafunzo yanaanza juma lijalo, na Mama amekwisha kumwambia kwamba anahesabu siku.