Umbo la Kipato: Kutoka Mwalo wa Mbita hadi Machimbo ya Nyatike

Tuseme kwenye mwalo mmoja wa Mbita, Homa Bay, wapo watu kumi. Tisa hupata shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwenye mashua hupata 96,000. Wastani ni 15,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipata. Ukiwapanga kuanzia wa chini, walio katikati wana 6,000. Ndiyo maana mtakwimu haridhiki na wastani. Huuliza kipato kimegawanyika kwa umbo gani.

Umbo hilo lina chanzo: kipato hukua zaidi kwa kuzidishwa kuliko kwa kujumlishwa. Wachuuzi wawili wa omena, mmoja mwenye mtaji wa 5,000 na mwingine 50,000, wakipata faida ya asilimia 20, wa kwanza huongeza 1,000 na wa pili 10,000. Pengo la 45,000 limekuwa 54,000, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Mwaka 1931 Mfaransa Robert Gibrat alieleza kinachotokea hali hiyo ikijirudia kwa asilimia zinazobadilika kwa bahati: wengi hurundikana chini, wachache hutawanyika mbali juu. Ukichukua logi ya kila kipato, kuzidisha hugeuka kujumlisha, na mchoro hupata umbo la kengele.

Kwenye ncha ya juu kanuni hiyo hulegea. Vilfredo Pareto, aliyechunguza takwimu za kodi miaka ya 1890, aliona kwamba idadi ya matajiri hupungua polepole zaidi. Kipeo cha kanuni yake kikiwa 2, kila kiwango cha kipato kikiongezwa maradufu, wanaokizidi hubaki robo. Katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, Migori, ncha hiyo hutafutwa kwa wenye mashimo na mashine za kusaga mawe, si kwa wabeba mawe.

Kupima nako kuna ugumu wake. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hukosa; kipato cha wiki hii hakitabiri cha wiki ijayo. Kwa hiyo utafiti wa kitaifa wa kaya wa 2015/16 ulikadiria umaskini kwa matumizi. Mstari wa umaskini vijijini uliwekwa shilingi 3,252 kwa mwezi kwa kila mtu, kwa kipimo cha mtu mzima, na asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa chini ya mistari ya mijini na vijijini.

Hapo ndipo umbo huamua maisha. Kaunti mbili zinaweza kulingana kwa wastani, lakini penye watu wengi waliorundikana juu kidogo tu ya mstari, bei ya unga ikipanda, maelfu huangukia chini yake. Anayepanga bajeti lazima ajue wako wangapi na wako wapi kabla bei haijapanda.