Ulevi Barabarani (Sehemu ya Tatu): Msamaha wa Mfiwa na Hukumu ya Mahakama

Wiki iliyopita tuliishia kwenye hesabu ya pombe mwilini. Tuliona kwamba ini humaliza takriban gramu 0.015 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, na kwamba kahawa au maji ya baridi hayalihimizi hata kidogo. Leo naingia mahali pagumu zaidi. Mazishi yamekwisha, jamvi bado limetandikwa, na dereva aliyelewa yuko hai. Nani anamdai nini?

Tuanzie Oatlands, mtaa wa pembezoni mwa Sydney, Australia. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020 watoto saba walikuwa wakitembea kwenye njia ya waendao kwa miguu, wakienda kununua aiskrimu. Pikapu ikaacha barabara ikawavamia. Wanne walikufa: watatu wa mama mmoja, wenye miaka 13, 12 na 8, na binamu yao wa miaka 11. Dereva, mwenye miaka 29, alikuwa na pombe mara tatu ya kiwango cha huko, ambacho ni 0.05, na dawa za kulevya juu yake. Barabara ile mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Yeye alifikia 133. Kwa mwendo huo gari hupita mita 37 kwa sekunde moja, na kwa kuwa nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, gari lile lilibeba mara saba ya nishati ambayo lingekuwa nayo likienda kilomita 50.

Siku chache baadaye mama wa wale watatu, Leila Abdallah, alisimama palepale penye maua akasema hamchukii dereva yule, na kwamba moyoni mwake amemsamehe. Akaongeza kwamba anataka mahakama itende haki. Nusu ya kwanza ya maneno yake ilizunguka dunia nzima. Nusu ya pili wengi hawakuishika, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Dereva alikiri mashtaka. Aprili 2021 alihukumiwa miaka 28 jela, akitakiwa kutumikia angalau 21 kabla ya kufikiriwa kuachiliwa kwa masharti. Mwaka 2022 mahakama ya rufani iliona adhabu hiyo imezidi kiasi, ikaishusha hadi 20, na angalau 15 ndani. Sheria ya jimbo la New South Wales humpunguzia anayekiri mapema hadi asilimia 25 ya adhabu, kwa sababu amewaepusha watu na kesi ndefu na amebeba kosa lake mwenyewe. Msamaha wa mzazi hauna asilimia yake. Mahakama za huko hazikubali matakwa ya mfiwa, ya huruma au ya hasira, yaamue urefu wa kifungo.

Mara ya kwanza kanuni hii niliiona kavu. Mama amesamehe, serikali inang'ang'ania nini? Lakini hebu tuigeuze. Kama msamaha ungepunguza miaka, basi hasira ingeiongeza, na mtoto aliyezaliwa na mama mwenye moyo laini angekuwa na damu rahisi kuliko mtoto wa jirani. Waliokufa wangepimwa kwa tabia za waliobaki. Tena kila familia ya dereva ingejua mlango wa kubisha.

Na kwetu mlango huo unabishwa. Nimekaa kwenye matanga ambako siku ya tatu walikuja wazee wanne wa upande wa dereva, na mchele, na bahasha. Walipokewa kwa heshima, wakapewa chai. Mkubwa wao akasema, "Shemeji zetu, ajali haina kinga. Tuyamalize kinyumbani." Marehemu alikuwa kijana wa miaka 19, na kila aliyekuwapo alijua dereva alitoka baa. Methali ile ni ya kweli kwa tairi lililopasuka au ng'ombe aliyekatiza njia usiku. Ulevi una kinga: ni kumpa mwenzako ufunguo, au kupanda bodaboda na kulirudia gari asubuhi. Anayeitamka methali hiyo mbele ya mfiwa anaomba kosa lihesabiwe kuwa bahati mbaya, na hapo huo si msamaha tena, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kusamehewa.

Sipingi suluhu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize maridhiano na njia za jadi za kumaliza migogoro, na mwaka 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliruhusu hata kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini yao. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali miongoni mwa wanasheria, na mimi niko upande wa walioshtuka. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 46, inaweka hadi miaka 10 kwa anayeua kwa kuendesha ovyo. Kifungu hicho kinamlinda pia mpita njia wa kesho, ambaye hakualikwa kwenye kikao cha wazee.

Wapo watakaonikumbusha diya, yaani fidia ya damu katika Uislamu, na ni haki yao. Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, inaeleza kwamba anayemuua muumini kwa makosa hulipa diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakiiacha iwe sadaka. Oman hadi leo diya hutolewa kwa vifo vya barabarani. Tuisome aya yote, lakini. Jamaa wanaweza kuachilia mali, lakini kafara ya muuaji, yaani kumwacha mtumwa huru, hawaigusi. Asiyeweza hilo anafunga miezi miwili mfululizo, hata kama mama wa marehemu amemkumbatia. Liko deni la watu na liko deni la Mungu, na mfiwa hana ufunguo wa hilo la pili.

Leila Abdallah na mumewe Danny waliifanya tarehe 1 Februari, tangu 2021, kuwa siku ya kusameheana. Wamekuwa wakieleza kwamba kusamehe kuliwawezesha wao kuendelea kuishi na kulea watoto waliobaki. Hapo ndipo msamaha unapofanya kazi yake, ndani ya nyumba, kwa wakati wake, bila shahidi wa kutia saini.

Mama wa kijana yule wa miaka 19 aliisogeza bahasha kwa ncha za vidole hadi kwenye sinia ya vikombe. Akawaambia wazee warudi siku kesi itakapokwisha, na wamlete kijana wao mwenyewe.

Wiki ijayo: bima, na zile hati za kuachilia madai zinazosainiwa msibani.